Leso Iliyofunga Tairi

Kila siku akitoka shule, Kanze alipitia kwanza uwanja wa vigari vya mbio, nyuma ya mahoteli ya Diani, ambako baba yake, Menza, alikuwa fundi. Alimwamkia, akafunga vizuri kamba za viatu, kisha akapiga magoti kupima upepo wa tairi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na hakuna kijana aliyemshinda kwenye kona. Yeye mwenyewe alilisema hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi kungekuwa na mbio za vijana, wawili wawili wakipokezana kigari kimoja, na washindi wangepelekwa Nairobi. Msimamizi wa uwanja, Bwana Rai, alikuwa na sheria moja asiyochoka kuirudia: tairi haipakwi kitu. Zipo dawa za kulainisha mpira ili tairi ishike lami zaidi. Kuzitumia ni udanganyifu, na dawa zenyewe ni sumu.

Alhamisi Kanze alichukua tairi nne za kigari chao akazisafishe nyumbani. Mwenzake Quincy, aliyehamia Ukunda kutoka Nakuru, alimfuata akiwa na mkebe usio na maandishi.

"Hii ni noma, Kanze. Brathe yangu huitumia Nairobi. Tunapaka leo, Jumamosi hakuna mtu atatushika."

"Na Bwana Rai je?"

"Atajuaje? Kufikia hiyo siku haina hata harufu."

Wakapaka nyuma ya jiko, macho yakiwawasha. Quincy alisema lazima tairi zifungwe, la sivyo upepo ungekausha dawa kabla haijaingia ndani. Mifuko ya plastiki haikuwapo. Kanze akatazama kamba ya nguo, akaiona doti ya leso za mama yake, pana na nzito. Akafunga tairi mbili ndani ya kila leso.

Ijumaa, kabla ya kwenda shule, alizifungua leso zile, akazisuuza kwenye ndoo na kuzianika. Bado zilinuka kidogo. Akajiambia kwamba jua lingemaliza kazi, akaondoka.

Mchana mama yake alianua leso moja, akamfunga mgongoni Chome, kitinda mimba wake wa miezi minane, akaenda kupalilia mihogo. Jua lilikuwa kali na wote wawili walitokwa na jasho. Jioni mtoto alikuwa amelegea. Mapaja yake yalikuwa mekundu, na hakulia hata yalipoguswa.

"Mwanangu ana homa," mama alisema. "Lakini mbona hata ziwa halitaki?"

Kanze aliinama kumtazama mdogo wake, akaisikia harufu ile ile ya nyuma ya jiko. Alifungua mdomo, akaikumbuka Nairobi, akaufunga. Huenda ni malaria, alijiambia. Aliona aibu hata kujiambia hivyo.

Alfajiri mama alimkimbiza Chome hospitali ya Msambweni. Kanze akaenda uwanjani na baba yake. Alikuwa ameketi ndani ya kigari, kofia ya chuma kichwani, simu ya baba ilipolia.

Menza alisikiliza kwa muda mrefu. "Wamempima malaria, hana," alisema kwa sauti ndogo. "Anapumua kwa shida. Daktari anauliza mtoto amegusa nini, na mama yako hajui."

Quincy alimwinamia Kanze. "Usiseme kitu. Ngoja tumalize. Ni dakika ishirini tu."

Kanze alivua kofia. Akatoka kwenye kigari.

"Baba, ni leso. Tulizifungia tairi zenye dawa. Nilizisuuza tu. Mwambie mama amtoe kwenye leso!"

Menza alimtazama kana kwamba hamjui. Kisha akapiga kelele kwenye simu: "Amefunikwa nini huyo mtoto? Mvueni! Mvueni hiyo leso sasa hivi!"

Chome alikuwa amelala kitandani hospitalini, na mama yake, kwa mapenzi, alikuwa amemfunika kwa leso ile ile.

Bwana Rai, aliyesikia yote, aliagiza tairi zing'olewe na timu yao iondolewe mashindanoni. Quincy alilia. Kanze hakulia hadi alipofika hospitali na kumwona mdogo wake ameoshwa, amewekewa mpira wa hewa puani, na mapaja yametoka malengelenge. Chome alilazwa siku tisa. Alipona, lakini kifua chake kilibaki dhaifu, na kovu lipo.

"Shikamoo, daktari," Kanze alisema siku ya kuruhusiwa. "Ni mimi niliyemponya au niliyemuumiza?"

Daktari Concepta hakumbembeleza. "Yote mawili. Ulisema Jumamosi, tukajua la kufanya. Ungesema Ijumaa jioni, asingelala usiku mzima ndani ya sumu. Ukificha kosa, Kanze, hujui litamwangukia nani. Mara nyingi humwangukia asiyeweza kujisemea. Ukikosea, sema saa hiyo hiyo, hata kama utapoteza unachokipenda."

Mama hakumpiga wala kumtukana. Alizichoma leso zile, akanunua nyingine. Lakini hadi leo, kila anapotaka kumfunga Chome mgongoni, huiinua leso puani na kuinusa kwanza, na Kanze hutazama chini.