Kurasa Tisa za Jua

Kila siku akitoka shule, Macho alivua viatu mlangoni, akala, kisha akaketi barazani na kikopo cha maji, brashi mbili na kisanduku cha rangi za maji. Kando yake mama, ambaye alikuwa mshonaji, alikanyaga cherehani. Chini ya meza ya cherehani alitambaa mdogo wake wa miezi tisa, ambaye kwa mashavu yake walimwita Bonge.

"Mtoe mdogo wako uzi mdomoni," mama alisema kila siku bila kuinua kichwa.

Macho akamtoa uzi. Bonge akatafuta mwingine.

Jina la Macho alipewa na baba yake. Tangu akiwa mdogo alipenda kukodolea macho vitu: povu la sabuni, kutu ya bati, vumbi likielea kwenye jua la dirishani. Ukimtuma chumvi dukani, mlikula mboga bila chumvi, naye akarudi akisema mawingu ya leo yalikuwa mazuri.

Baba alikuwa fundi mwashi. Alipopata kazi ya siku hamsini ya kujenga shule mbali na nyumbani, alimnunulia Macho kitabu cha kuchorea chenye kurasa hamsini.

"Kila siku ukurasa mmoja, mwanangu. Chora chochote cha hapa nyumbani, uandike na tarehe."

"Hata kikiwa kibaya?"

"Hata kikiwa kibaya. Wewe ulisimama mara ya kwanza nikiwa kazini, na ulitembea nikiwa kazini. Nilihadithiwa tu. Huyu Bonge nataka nimwone akikua, hata kama ni kwa macho yako."

Macho akaahidi, na kwa wiki tatu alitimiza. Alichora birika, mashati kwenye kamba, mkasi wa mama umelala juu ya kitambaa. Alasiri moja aliimaliza yote akitafuta rangi ya kisigino cha Bonge, akagundua kwamba haikuwa kahawia tu. Ndani yake mlikuwa na wekundu, na pembeni zambarau kidogo. Maji ya kikopo yalibadilika rangi polepole, cherehani iliimba wimbo wake mmoja, na Macho hakujua saa zilikwenda wapi.

Kisha mvua ikaanza. Siku ya kwanza karatasi ilijikunja kwa unyevu na rangi zikakataa kukauka. "Nitachora mbili kesho," akasema, akajilaza mkekani kusikiliza mabati. Kesho yake akasema vilevile. Hakuwa mvivu hasa, kwani kichwani alichora sana, na picha za kichwani zilikuwa nzuri kuliko zote, maana hazikuwa na doa wala kosa.

Siku ya sita ya mvua, Bonge alishika mguu wa meza ya cherehani, akajivuta, akasimama. Mama aliacha kushona, akampigia baba simu palepale, akipaza sauti ili ishinde mvua. Macho naye alicheka na kupiga makofi. "Nitamchora kesho, akisimama tena," akawaza.

Mvua ilikatika baada ya siku tisa. Macho akaanza tena kuchora kila siku, akiziruka zile kurasa tupu kama mtu anayeruka dimbwi. Siku ya arobaini na tisa hakukuwa tena na pa kurukia, kwa kuwa baba angefika kesho yake. Basi alasiri ile alizijaza zote tisa kwa mkupuo: ndoo, ufagio, viatu, sufuria. Kwenye tarehe kumi na nne, ile siku ya sita ya mvua, alitaka kumchora Bonge amesimama. Lakini Bonge alishika meza kwa mkono gani? Alivaa nini? Alikuwa anacheka au amekaza midomo? Macho alifumba macho, akatafuta, hakupata kitu. Akachora ndoo.

Baba alifika na vumbi la saruji kwenye nyusi. Alinyoosha mikono kumpokea Bonge, lakini Bonge alimtazama mgeni huyu, akaangua kilio. Baba akacheka, ila si sana.

"Haya, Macho," akasema, akiketi barazani. "Nionyeshe nyumba yangu."

Alifungua ukurasa mmoja mmoja, taratibu. Alipoona kisigino cha Bonge alikigusa kwa kidole. Kisha akaanza kuharakisha, na Macho alijua anakokwenda.

"Tarehe kumi na nne," baba akasema. Akafungua nyuma, akafungua mbele. "Ndoo hii ina kivuli."

"Ndiyo, baba."

"Ufagio nao una kivuli. Viatu pia. Vyote vimelalia upande mmoja." Alizungumza kwa upole. "Tarehe kumi na nne mama yako alinipigia simu. Mvua ilikuwa inapiga mabati, nikawa nasikia neno moja moja. Hili jua lilitoka wapi?"

Macho alifungua mdomo ili aseme kwamba mvua ilikatika kidogo. Akaiona mikono ya baba, iliyopasuka kwa saruji, ikikishika kitabu kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Nilidanganya, baba. Kurasa tisa nimezichora jana." Machozi yakamtoka. "Nilimwona akisimama. Ila sikumtazama."

Baba alikifunga kitabu, akakiweka mapajani. Mama alikuwa ameacha kukanyaga cherehani.

"Nimeumia," baba akasema mwishowe. "Nikikuficha nami nitakuwa mwongo. Lete penseli. Kwenye kila ukurasa wa hizo tisa, andika: Siku hii sikuchora."

Macho akaandika mara tisa.

Baba alikuwa na wiki mbili za kukaa nyumbani. Kila alasiri Macho alichora kwenye kitabu kipya alicholetewa na baba, siku nyingine vizuri, siku nyingine vibaya sana. Siku ya kumi na moja alikuwa anamchora Bonge, aliyesimama ameshika meza kwa mkono wa kushoto, shati la njano, midomo imekazwa. Alikuwa amepaka bluu ya kivuli, kichwa bado, wakati Bonge alipoiachia meza. Akamtazama baba, aliyeketi sakafuni ng'ambo ya picha. Akapiga hatua moja, ya pili, na ya tatu ikatua katikati ya picha. Ya nne ikamfikisha mapajani mwa baba.

Macho alichukua kitambaa afute.

"Usifute," baba akasema kwa sauti nzito, amemkumbatia mtoto. Picha haikuwa na kichwa, na juu ya bluu mbichi palikuwa na alama ya kisigino. "Sikiliza, mwanangu. Nikiruka tofali, naweza kupaka lipu juu yake, watu wakapita na kusifu ukuta. Lakini pale ndani pengo lipo, na mimi nalijua. Siku nayo ni hivyo hivyo. Weka picha ya kila siku, hata ikipinda. Na ukiiruka, sema umeiruka."

Alipoondoka tena kwenda kazini, aliuchomoa ukurasa ule kitabuni, akaufunga ndani ya shati safi, akauweka kwenye mfuko wake wa kazi, mbali na mwiko wake wa kupakia saruji.