Shikamoo ya Sita

Bonifasi, katibu wa kijiji cha ujamaa, limbukeni aliyedai shikamoo hata kutoka kwa waliomzidi umri, alinunua bastola kuukuu, akampelekea rafiki yangu Kasongo, fundi wa kukarabati cherehani huko Ujiji, aitengeneze.

"Silinda inazunguka sasa," Kasongo alimwambia, "ila risasi moja imeganda kwa kutu. Usiivae."

"Fundi cherehani anifundishe silaha!" Akabenua midomo, akaichomeka kiunoni.

Nje mama mmoja akapiga goti. "Shikamoo, mzee."

Kabla hajajibu, kiunoni pakasikika: ka! Silinda imegeuka tundu moja la risasi.

Njiani kila shikamoo ikajibiwa: ka! Ya tano ilipolia akakimbilia nyumbani, akajifungia chumbani gizani. Bastola ikagoma kuchomoka. Ilikuwa ya matundu sita; lililobaki ndilo lenye risasi.

Mlangoni binti yake akaita, "Shikamoo, baba."

"Marahaba," ikajibu sauti nzito kutoka kiunoni.