Hodi Kutoka Chumba cha Kompyuta

Onyo lilianza Februari 1999, na Mwongeli hakulisoma. Nani husoma maonyo? Alikuwa amefungua barua pepe kutafuta neno la mumewe Matheka, dereva kule Jeda, kikajitokeza kisanduku cha kijivu: cheti cha huyu hakijulikani, je, uendelee naye? Akabonyeza Ndiyo. Barua ya Matheka ikaingia. Kesho yake kisanduku kikarudi, akabonyeza tena, na hivyo kila asubuhi kwa wiki sita, kama mtu anayefukuza nzi.

Kompyuta ilikaa chumba cha nyuma cha nyumba yao ya Donholm, Nairobi, alimochapia watu barua na kadi za harusi. Wiki ya tatu chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua. Wiki ya nne Koki, binti yake wa miaka sita, akaja jikoni kusema kuna mtu anapiga hodi mle ndani. Mwongeli alichungulia, hakuona mtu. Badala ya kushtuka, akamgombeza mtoto: mgeni akipiga hodi huitikiwa karibu, wewe huna adabu? Mjinga yule, na nasema bila kumwonea haya.

Koki akaanza kukonda. Chakula hakigusi, na asubuhi shingo yake ina alama za vidole virefu kuliko vya mtu yeyote wa nyumba ile. Dawa za zahanati hazikufua dafu. Hapo ndipo Mwongeli alipoogopa, na kwa kuwa kila kitu kilianza na kisanduku kile, akamwita Kabiru, fundi wa kompyuta kutoka Baba Dogo.

Kabiru alicheka. Saa ya mashine imekosea, alieleza, na tarehe ikikosea vyeti vyote vya kuthibitisha tovuti huonekana vibovu. Akabadilisha betri, akaweka tarehe ya leo, akafungua barua. Kisanduku kikatokea. Safari hii alifungua cheti chenyewe asome kimetolewa na nani, na kicheko kikamkauka.

Mtoaji: Mwongeli. Mahali: Donholm, chumba cha nyuma.

"Mama Koki, hii si virusi," alinong'ona. "Hii kitu umeipea ruhusa wewe mwenyewe. Kila siku."

Alimwelekeza kwa Mzee Mursal wa Eastleigh, mpunga majini, akaondoka akiacha bisibisi zake mezani. Mwongeli, mwimbaji wa kwaya ya kanisa, alimpitisha mzee mlango wa nyuma akiomba majirani wasimwone.

"Jini haingii asipokaribishwa," Mursal alisema kwa sauti ya chini. "Umemkaribisha kwa kidole chako. Mkatae kwa kidole hicho hicho."

Mzee akaanza kisomo cha Kurani, na modemu ikaanza kulia ingawa waya wa simu ulikuwa umechomolewa, ikalia kama mbuzi anayechinjwa, na harufu ya nywele ikajaa mpaka machozi yakawatoka, na Mwongeli akahisi mkono wa baridi juu ya mkono wake ukiuvuta kuelekea Ndiyo, akauvuta kwake, nao ukavutwa tena, akalitaja jina la Koki, akabonyeza Hapana kwa nguvu zake zote, na kioo cha dirisha kikapasukia nje. Kisha kimya. Skrini ilikuwa nyeupe, haina kisanduku.

Jioni hiyo Koki alikula sahani mbili za muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Mwongeli alisimama akiosha vyombo, akilia kwa furaha, akimshukuru Mungu na Mursal kwa pamoja.

"Mama," Koki alisema nyuma yake, "leo nilikuwa na adabu."

"Adabu gani, mwanangu?"

"Mlipokuwa na yule mzee, mtu alipiga hodi chumbani kwangu. Nikamwitikia, karibu."

Mwongeli aligeuka polepole. Mtoto alikuwa anatabasamu, na kila alipopumua, jikoni palinuka nywele zilizoungua.