Mwizi wa Hadithi ya Chiriku

Kila jioni, baada ya kula, Chiriku alikaa kwenye meza ya jikoni akiandika, huku mtoto wa shangazi yake akiosha vyombo. Msichana huyo alihamia kwao baada ya kufiwa na mama yake, akaingia darasa moja na Chiriku. Alikuwa na makengeza, hasemi mpaka asemeshwe, na akibanwa na jambo huuma mkono wa sweta lake. Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya domo lake lisilopumzika, alimwona mzigo mtupu.

Wiki hiyo mwalimu wa Kiswahili aliwaagiza waandike hadithi ya upelelezi. Chiriku alihitaji mwizi. Hakwenda mbali. Aliinua macho, akamwona mwenzake pale kwenye karai, akamchukua mzima mzima: makengeza, ukimya, hata sweta.

Siku ya kusoma, darasa lilimtambua mwizi kabla ukurasa haujaisha.

"Mwizi huyo hapo!" mmoja alipiga kelele, vicheko vikalipuka. Msichana wa watu akainama, akiuma sweta. Chiriku alijiona bingwa, akazidisha sauti.

Tangu hapo, kila msichana huyo alipopita, watoto walikumbatia mikoba yao. Kalamu ya mtu ilipopotea, wasichana wa darasa walimburuta hadi chooni, wakampekua, wakamwaga madaftari yake kwenye maji machafu. Chiriku alisimama mlangoni. Hakutamka neno, yeye mwenye domo. Baadaye kalamu ilikutwa chini ya dawati la mwenye kalamu.

Mwalimu alipopata habari, aliwaadhibu wote waliomburuta, kisha akamwita Chiriku ofisini.

"Mwizi wako anaiba kwa nini?"

"Kwa sababu ni mbaya, mwalimu."

"Anaogopa nini? Kwa nini anauma sweta?"

"Sijui, mwalimu."

"Basi huyo si mtu. Ni kinyago ulichokivika uso wa ndugu yako, ukawapa wenzako wakipige mawe. Kaandike upya."

Jioni ile Chiriku aliuliza kwa sauti ndogo, "Dada, mbona unauma sweta?"

Mwenzake aliendelea kusugua sufuria. "Siku ya kumzika mama niliambiwa ninyamaze, nawasumbua wageni. Nikiuma, kilio hakitoki."

Machozi yalimlengalenga Chiriku. "Nisamehe. Naweza kuliandika hilo, ili watu wakuelewe?"

"Hapana. Hilo ni langu. Umeshachukua ya kutosha."

Katika hadithi mpya, mwizi alikuwa mtoto mwenye maneno mengi, aliyeiba na kuwasingizia wanyonge kwa kuogopa kwamba akinyamaza hakuna atakayemtazama. Chiriku aliisoma mbele ya darasa. Hakuna aliyecheka.

"Yule wa kwanza nilimzua," alimaliza. "Dada yangu hajaiba hata sindano."

Waliomburuta wakasimama, mmoja mmoja, wakamwomba radhi. Aliitikia kwa kichwa tu. Hakutabasamu.

"Mwizi wa leo nimemwamini," mwalimu alisema, "kwa sababu umemtoa ndani yako, na imekuuma. Ukimuumba mtu katika hadithi, mpe hofu yake na sababu zake. Na kama za mwenzako huzijui, usimguse."