Betri za Treni ya Maftaha

Kichwa cha treni kilikutwa asubuhi kimefunuliwa bati la mgongoni, tumbo tupu. Betri zake zote, zile za lori, zilikuwa zimetoweka. Nati zake zilipangwa vizuri juu ya bati, kama vikombe vilivyooshwa.

Inspekta Modesti, aliyeletwa toka Lindi kulinda sherehe ya Saba Saba, alipiga goti kwenye reli akazitazama zile nati. Mwizi gani huyu mwenye adabu?

Reli zilikuwa za toroli za shamba la mkonge lililokufa, nyuma kidogo ya Kiswere. Kijiji cha ujamaa kilizifufua, na Fundi Maftaha akaunda kichwa chenye kimo cha mbuzi, kinachokwenda kwa betri na mota ya kuwashia lori. Kilivuta vibehewa vya kupanda watoto, kutoka shuleni mpaka bondeni kwenye mikoko. Watu waliapa kwamba kikipiga honi, kuku wa kisiwani Songo Songo wanaingia bandani.

Mgeni wa mkoa alikuwa njiani. Katibu wa kijiji, Ndugu Kibwana, alishapata mkosaji: Likwata, mlinzi, amefungwa kamba mikono. Hii ni hujuma, alisema, na mtu wa hujuma hali ubwabwa wa Saba Saba, anakula wa jela.

Likwata alimwinulia Modesti mikono yake yenye kamba.

"Ulilala?" Modesti aliuliza.

"Usiku sikulala, afande."

"Alfajiri alipita nani?"

"Hakupita mtu. Wanawake tu, na ndoo zao."

Modesti akasimama polepole. "Wakielekea wapi?"

"Kisimani. Mmoja alikwenda na kurudi mara nyingi."

Inspekta alikwenda walikokuwa wakipika akina mama. Aliwaamkia, akaomba maji, akanywa bila haraka. Kando ya ndoo zilikaa ngata zao, vile vitambaa vya kuzungusha kichwani chini ya mzigo. Moja ilikuwa imetoboka toboka. Alipoigusa, uzi ulimeguka kama majivu.

"Ya nani hii?"

"Yangu," alisema Mwahija, mke wa Maftaha. "Panya, afande."

"Panya wa hapa wanakunywa tindikali ya betri?"

Mwahija akachochea sufuria ambayo haikuhitaji kuchochewa. Bega la kanga yake nalo lilikuwa na matundu.

Modesti hakumkamata. Mke amwibie mumewe siku ya sifa zake? Hapo palikuwa na jambo. Akarudi relini, akapaza sauti: betri zitolewe kwenye magari ya serikali yaliyotangulia, zifungwe, watoto wapande.

Watoto walipanda kabla hajamaliza kusema. Maftaha akakaza nati huku akitabasamu. Alipofikisha mkono kwenye swichi, Mwahija alikuja mbio, mwiko mkononi, akaketi katikati ya reli.

"Mfungueni Likwata," alisema. "Nilizichukua mimi alfajiri, yeye akiota moto kanipa kisogo. Moja moja, ndani ya ndoo, juu nimetia pumba. Ziko kwenye shimo la mihogo."

"Kwa nini?" Modesti aliuliza.

"Breki hujikaza yenyewe mteremkoni, lakini iko kwenye kichwa tu. Vibehewa havina. Tulipojaribu vitupu, ilisimama. Nikavipakia ndoo za maji, mteremkoni vikakisukuma kichwa, kikapitiliza. Maji yanamwagika tu, afande. Hawa je?"

Maftaha akasema ni utelezi wa umande. Kibwana akasema mgeni ameshaonekana barabarani.

Modesti aliwashusha watoto mmoja mmoja. Mahali pao akaamuru magunia ya chumvi, uzito ule ule. Kisha akabonyeza swichi mwenyewe, akaruka pembeni.

Treni ilianza kwa heshima. Mteremkoni breki ikalia, magurudumu yakatoa cheche, lakini vibehewa viliendelea kusukuma. Ilipita kituo, ikavunja boriti ya mwisho, ikazama matopeni kwenye mikoko. Wapo wanaoapa kwamba kaa wa pale mpaka leo hawahitaji kutiwa chumvi.

Hakuna aliyecheka. Akina mama walikuwa wanawahesabu watoto wao, wanarudia kuwahesabu. Modesti akamfungua Likwata kamba kwa mkono wake.

Maftaha alishuka mpaka ukingoni mwa matope, akamgeukia mkewe.

"Mama Siti, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia ukiwa unakula," alisema Mwahija. "Ukasema niongeze mchuzi."