Magauni Yaliyomkaa Mama Vizuri

Kila akirudi kutoka shule, Pini alivua viatu, akachukua sumaku na kuokota pini zilizotapakaa katika chumba cha kushonea. Ndiyo kazi iliyompa jina hilo. Siku hizi alikuwa na kazi nyingine, ya siri: kufumua magauni ya mama yake ili mama ayabane upya kiunoni.

"Mama, hili si tulilibana juzi tu?"

"Fumua, mwanangu. Na baba yako asijue, atakosa usingizi bure."

Mama alishona akiwa ameinama, kifua karibu kiguse cherehani. Akikaa wima, tumbo lilimkata mpaka mgongoni. Lakini wateja walimsifu tu: fundi anapendeza! Siku hata uji ulipomshinda kunywa, baba alisema imetosha, wakaenda wote watatu hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. "Umepungua uzito, dada?"

"Wala! Nguo zangu ni zilezile, na zinanikaa vizuri."

"Hata mimi sioni tofauti," baba akaongeza. "Si vidonda vya tumbo tu, daktari?"

Daktari alishika kalamu aandike dawa. Mama akamkazia Pini macho. Pini alijua akisema, atamuudhi mama. Akinyamaza, watarudi nyumbani na ugonjwa wao.

"Zinamkaa kwa sababu tunazibana," alisema. "Mimi ndiye ninayefumua. Na maumivu yanapenya mpaka mgongoni. Akiinama ndipo anapata nafuu."

Baba alimgeukia mkewe taratibu. "Mke wangu, hata mimi umenificha?"

Daktari aliweka kalamu chini, akaagiza picha za tumbo.

Picha zilionyesha uvimbe kama kifuko cha maji kwenye kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo, kinachosaidia kusaga chakula na kudhibiti sukari mwilini. Madaktari walimpitishia mama mpira mwembamba kooni, wakavuta maji kidogo kwa sindano na kuyapima. Uvimbe ulikuwa wa aina inayoweza kugeuka saratani. Daktari wa upasuaji akaukata pamoja na kipande cha kongosho, na maabara ikathibitisha kwamba saratani haikuwepo. Waliuwahi.

Pini aliingia wodini akitembea kwa ncha za vidole. "Mama, bado umenikasirikia?"

"Njoo hapa." Mama alimshika mkono. "Niliogopa kuwatia hofu, kumbe hofu yote nilikubebesha wewe peke yako. Hilo si sawa kwa mtoto. Mtu akikuomba umfichie maumivu, mwambie mtu mzima anayeweza kumsaidia. Hata kama anayekuomba ni mimi."

Pini, ambaye hakulia siku zote zile, alilia hapo hapo.

Baba akakohoa mlangoni. "Naruhusiwa kuingia, au mna siri nyingine?"

"Usinichekeshe, mume wangu," mama alisema, ameshika tumbo kwa mikono miwili huku akicheka. "Kidonda bado kinauma!"