Dakika Kumi za Lupe

Mdogo wangu Paea hulima viazi vikuu. Mimi nasuka mikeka na wanawake wenzangu. Binti ya Paea, Lupe, yuko darasa la nne.

Jioni moja alikuja kwangu akilia.

"Shangazi, Jumapili ya Watoto kanisani siendi!"

"Hee! Na fungu lako la Biblia atalisoma nani?"

"Kusoma sijui. Ile njia ya kusoma wawili wawili hainisaidii."

Njia hiyo aliileta Mwalimu Kaufusi kutoka mjini. Mtoto anasoma kwa sauti, mwenzake anasikiliza na kumsahihisha, kisha wanabadilishana. Dakika kumi kila siku. Kwingine imefaulu sana.

"Unasoma na nani?"

"Na Semisi. Tunakaa kimya tu."

Nilishika kichwa. Semisi ni mtoto wa mama yake mdogo! Kwetu visiwani Tonga huyo ni kaka yake. Kaka na dada hawakai bega kwa bega wakakosoana. Ni kuvunjiana heshima.

Asubuhi nilikwenda shuleni, mkeka kwapani.

"Mwalimu, wewe ni Mtonga kama sisi. Umesahau mila? Lupe na Semisi ni kaka na dada!"

"Sijasahau, mama. Kitabu cha njia hii kilisema nichanganye wavulana na wasichana. Sikujua hawa ni ndugu."

"Kisiwa hiki kizima ni ndugu, baba!"

Alicheka, halafu akawaza.

"Kinachowafundisha ni kusoma kwa sauti kila siku na kusahihishwa papo hapo. Hicho sikigusi. Nitabadilisha nani akae na nani. Nisaidie, mama."

Msomi yule akaketi chini kwenye mkeka wangu! Nilimtajia koo zote, naye akaandika. Nilimpenda palepale.

Wavulana wakasoma na wavulana, wasichana na wasichana. Lupe akapewa msichana wa darasa la sita. Kila Ijumaa mwalimu mwenyewe alimsikiliza kila mtoto, aone kama anasonga mbele. Baada ya wiki mbili darasa lilikuwa na kelele tupu za kusoma. Jamani, raha iliyoje!

Mwezi wa Mei, Jumapili ya Watoto ilipofika, Lupe alisimama kanisani na nguo yake nyeupe. Alisoma fungu lote bila kukwama. Paea alilia mbele za watu, wala hakujificha.

Semisi alikaa na wavulana wenzake. Kwa heshima hakumtazama dada yake, macho aliyaelekeza dirishani. Lakini mimi nilimwona. Midomo yake ilikuwa ikimfuata Lupe neno kwa neno, mpaka mwisho.